Wasomaji Wanauliza: シ, ツ, ソ na ン zinanichanganya, nifanyeje?

Mwezi huu barua karibu zote zilizoletwa kwenye ukurasa huu zinauliza kitu kimoja, katakana, na mimi nimefurahi sana kwasababu ndo sehemu ninayoipenda kuifundisha kuliko zote, na ndo hapohapo watu wengi wanakata tamaa wakati walishafika mbali. Kwa ambao ndo mnaanza, Kijapani kinaandikwa kwa aina tatu za herufi kwa pamoja, hiragana zile za mviringo, katakana, na kanji zile herufi zilizotoka China. Katakana ni zile zenye kona kona, za msingi ziko 46, na kazi yake kubwa ni maneno ya kukopa na majina ya nje, ndo maana kwenye ramani ya Kijapani Tanzania utaikuta タンザニア na Kenya ケニア. Haya tuanze.

Shikamoo mwalimu. Mi najifunza Kijapani mwenyewe kwa simu, hiragana nilimaliza ndani ya wiki mbili ila katakana zimenigomea kabisa. Kuna hizi nne シ (shi) ツ (tsu) ソ (so) ン (n) naziona kama sura moja, leo nikizijua kesho nimesahau, nimeziandika kwenye karatasi nikabandika ukutani lakini wapi. Kuna njia au ndo mpaka nizoee tu? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba mwanangu, na hongera kwa hiragana. Kwanza toa hizo karatasi ukutani. Ukibandika herufi ukutani unaigeuza picha, na hizi nne ukiziangalia kama picha kweli zinafanana, utakaa nazo mwaka mzima na bado zitafanana. Herufi hizi ni njia ya mkono. Zilianza karne ya 9 kwa watawa wa Kibudha huko Japani, walikuwa wanasoma maandiko ya Kichina wakawa wanaweka vialama vya matamshi pembeni ya maneno, sasa nafasi ni finyu na mkono una haraka basi wakawa wanachukua kipande tu cha kanji badala ya kanji nzima, na hiyo kata ya kwenye katakana ndo maana yake, kitu kisicho kizima, kipande. Kwahiyo kilichobaki kwenye karatasi ni nyayo za brashi, na nyayo unazisoma kwa kuangalia mtu katokea wapi na kaelekea wapi.

Sasa shika kalamu, usinisome tu. Andika シ: kistari kifupi, chini yake kingine, vyote viwili viko kushoto vimepangana kwenda chini kama vimeegemea ukuta, halafu mstari mrefu unaanzia CHINI kushoto unapandisha kwenda juu kulia. Haya andika ツ: kistari kifupi, pembeni yake kingine, vyote viko juu vimening'inia kama nguo kwenye kamba, halafu mstari mrefu unaanzia JUU kulia unashusha kwenda chini kushoto. Umeona mkono ulivyofanya? Mara ya kwanza umepanda, mara ya pili umeshuka. Ukishalishika hilo, ン inakuja yenyewe maana ni シ iliyopunguzwa kistari kimoja, nayo inapanda, na ソ ni ツ iliyopunguzwa kistari kimoja, nayo inashuka, pamoja na mdogo wao ノ (no) asiye na kistari hata kimoja, anashuka tu. Yaani hukariri herufi nne, unakariri familia mbili, ya kupanda na ya kushuka, ukishajua familia unahesabu vistari basi.

Na hiragana za sauti hizohizo unazo tayari kichwani, zitumie. し inashuka upande wa kushoto halafu inajikunja kupanda kulia, ukiandika シ juu yake vistari viwili vinalala kwenye mgongo wa し na ule mstari mrefu unafuata mkunjo wa chini. つ inatambaa juu kwenda kulia halafu inajikunja kushuka, ndo njia ileile ya ツ. そ inaanzia juu na ソ inaanzia juu, ん inamalizia kwa kupandisha mkia na ン hivyohivyo. Kwa hizi za シ na ソ sio bahati tu imetokea, し na シ zote zimetoka kwenye kanji 之, そ na ソ zote zimetoka kwenye 曽, ni ndugu kabisa.

Najua baada ya siku mbili utajiuliza, sasa nikikuta imeshaandikwa na mtu mwingine, mkono wake sikuuona, najuaje ulipanda au ulishuka? Angalia vistari vifupi kabla ya ule mrefu. Vikiwa vimelala, vikajipanga upande wa kushoto, ni ya kupanda. Vikiwa vimesimama, vimejipanga juu, ni ya kushuka. Na kama ni maandishi ya brashi au ile fonti ya vitabu na magazeti yenye unene usio sawa basi kazi imeisha, brashi inapotua panakuwa panene na inaponyanyuka panakuwa pembamba, kwahiyo シ na ン zinakuwa nene chini kushoto na zinachongoka juu kulia, ツ na ソ kinyume chake. Fonti zinazosumbua ni zile za unene mmoja kila mahali, na bahati mbaya ndo ziko kwenye simu nyingi, kwahiyo ukijifunza kwa simu tu unajifunza kwenye hali ngumu kuliko zote. Tafuta maandishi ya brashi uyaangalie hata dakika tano kwa siku, utaona tofauti kubwa.

Kitu cha mwisho kwako, usizifanyie mazoezi moja moja. Andika maneno yenye herufi mbili zinazogombana ndani yake. Langu la kwanza huwa シャツ, shatsu, yaani shati, na nalipenda kwasababu sisi na Wajapani tumelitoa sehemu moja, kwenye Kiingereza, kila mtu akalivalisha kivyake. Neno moja, シ mwanzo ツ mwisho, unapanda unashuka. Halafu シーツ, shiitsu, shuka la kitandani. Halafu パソコン, pasokon, kompyuta, hapo ソ na ン ziko ndani ya neno moja. Ukiandika haya matatu mara kumi asubuhi na mara kumi jioni kwa wiki moja, mkono wako utakuwa unajua kabla ya macho.

Mwalimu habari za kazi. Mi ni fundi magari Gerezani hapa Dar, magari mengi ninayoshika yametoka Japani na stika zake ni Kijapani mwanzo mwisho. Lugha nzima sina muda nayo, nataka nisome katakana tu. Kuna kijana wa gereji alipiga picha maandishi ya kifuniko cha fyuzi na simu ikatafsiri kitu kisichoeleweka. Nianzie wapi? (Fundi, Ilala)

Nzuri kaka. Umeuliza swali la maana sana na nakwambia ukweli kwamba kwa kazi yako katakana peke yake inalipa, kwasababu majina mengi ya vipuri Kijapani kimeyakopa kwenye Kiingereza kama sisi, ukishasoma tu kwa sauti unajisikia mwenyewe. エンジン ni enjin. ブレーキ bureeki, breki. タイヤ taiya. ワイパー waipaa. センサー sensaa. オイル oiru, oili, maana Kijapani hakina l, kila l inageuka r, na neno likiishia na konsonanti isiyo n wanaliongezea vokali kama tunavyofanya sisi kwenye benki na basi. Wewe msemaji wa Kiswahili sikio lako lipo nusu njia tayari.

Sasa kwenye zile nne zinazofanana, magari yana maneno yatakayokufundisha vizuri kuliko kitabu. ガソリン, gasorin, ni petroli, na iangalie taratibu: ソ inashuka, リ mistari miwili imesimama wima sambamba, ン inapanda, zimefuatana zote tatu. Hii ndo uijue kwanza kabla ya nyingine yoyote maana inaandikwa sana ndani ya kifuniko cha tangi, na ukikuta badala yake kuna kanji hizi mbili 軽油 hiyo ni dizeli. Ya pili シガーソケット, shigaa soketto, ile soketi ya kuwashia sigara tunayochajia simu, シ mwanzo, ソ katikati na ッ ndogo karibu na mwisho. Ya tatu ミッション, misshon, ndo wanavyoita gia boksi, hapo kuna ッ ndogo, シ na ン zimebanana. Hiyo ッ ndogo haitamkwi tsu, inakuambia tu konsonanti inayofuata ikazwe, na ukiona kialama kidogo cha aina hiyo katikati ya neno usihangaike kujiuliza ni シ au ツ, ni ツ, Kijapani cha kawaida hakina シ ndogo.

Kuhusu ile picha ya simu, herufi hizi hata kamera inaweza kuzichanganya hasa stika ikiwa na mafuta au imekwaruzika. Ukisoma mwenyewe unasahihisha kwa akili, maana ukipata "gasoriso" unajua hapana, hiyo ya mwisho ni ン. Mashine haijali.

Na nikuongezee moja ambayo hukuuliza ila itakusaidia wewe na wateja wako. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti mara nyingi gereji za kule zinabandika stika ya kubadilisha oili, imeandikwa オイル交換, na inakuwa na tarehe na kilomita gari lilizokuwa nazo siku hiyo. Mwaka unaweza kuwa umeandikwa kwa kalenda yao ya mfalme, H30 ni Heisei 30 yaani 2018, R5 ni Reiwa 5 yaani 2023. Sasa kama stika inasema mwaka 2018 gari lilikuwa na kilomita 98,000 na leo dashibodi inasoma 71,000, huyo mteja wako mwambie mapema kabla hajatoa hela.

Mwalimu, mimi nasoma huku Japani mwaka wa kwanza, jina la baba ni Hassan. Nilijaza fomu ya kufungua akaunti benki moja, ile sehemu ya katakana wakanirudishia mara mbili wakisema jina halisomeki, mara ya pili mhudumu akanisomea "Hassaso". Niliona aibu sana. Nirekebishe nini? (Kijana wa Mombasa, Osaka)

Pole mwanangu, usione aibu, hilo ni jambo la nyuzi chache tu za mkono na linarekebishika leo leo. ハッサン yako ン ya mwisho umeiandika ikiwa imesimama, ndo ikawa ソ. Mjapani akisoma mwandiko wa mkono anaangalia kile kistari kifupi kabla ya kingine chochote, kwahiyo kwenye ン kilaze kabisa, hata ukizidisha ni sawa, halafu weka kalamu chini kushoto, tulia hapo kidogo, ndo upandishe kwa haraka ukinyanyua kalamu mwishoni ili mkia uchongoke. Ukianzia juu ukashuka, hata ukijitahidi umbo lifanane, itaonekana tu, wino unakusaliti. Na ッ ya katikati iandike ndogo na ikae chini ya kisanduku, ukiiandika kubwa utaitwa Hatsusan.

Ila la muhimu zaidi kwako ni hili na ndo limeponza wageni wengi: kule benki jina lako la katakana ndo jina la akaunti, sehemu imeandikwa フリガナ, na mtu akikutumia hela kwa ハサン wakati benki wameandika ハッサン inaweza kukwama. Kwahiyo amua leo unaandikaje jina lako, liandike kwenye karatasi uweke kwenye pochi, na kila mahali, kazini, benki, kwenye simu, andika hilohilo bila kubadilisha hata nukta. Ukipata kitabu cha benki utakuta zimechapwa nyembamba ﾊ ｼ ﾂ ｿ ﾝ, hizo ni katakana zilezile zimebanwa nusu upana, na hapo kutofautisha kwa macho ni kazi kweli, linganisha na karatasi yako.

Habari mwalimu. Nimeona kanji ya nguvu 力 na katakana カ, kwangu ni kitu kimoja, au macho yangu? (Msomaji, Kisumu)

Nzuri, na macho yako mazima. カ ya katakana imekatwa kutoka kwenye kanji 加, upande wake wa kushoto, na upande huo ndo 力 yenyewe. ロ imekatwa kwenye 呂, kile kisanduku cha juu, ambacho ni 口, mdomo. エ ni upande wa kulia wa 江, ambao ni 工, ufundi. Yaani hazikufanana, ni zilezile, kwahiyo usitafute tofauti ya umbo utachoka bure. Angalia majirani. Katakana inakaa na katakana wenzake, ukiona ロビー basi ni lobi, ukiona 出口 kituo cha treni hiyo ni kanji, mlango wa kutokea. エアコン ni kiyoyozi, 工場 ni kiwanda. タクシー ni teksi, 夕方 ni jioni. Mara chache sana utakutana na moja imekaa peke yake bila jirani.

Kuna na hii ー, alama ya kurefusha sauti, inafanana na kanji ya moja 一. Hii ukiikuta kwenye bango lililoandikwa kwenda chini nayo inasimama wima, watu wanadhani ni herufi mpya. Sio mpya.

Mwalimu tafadhali, mbali na hizo nne, nyingine zinazofanana ni zipi? Mtihani wiki ijayo. (Mwanafunzi, Nairobi)

Wiki ijayo inatosha. Tumia miji na nchi zetu. ウガンダ (Uganda) na ルワンダ (Rwanda) ziandike moja chini ya nyingine, ウ ina kigingi kichwani, ワ haina, na ukiondoa mguu wa kushoto, na kwenye ウ kigingi pia, unabaki na フ. ク inafanana na ワ ila mguu wake wa kushoto umeinama na ni mrefu, ongeza kistari ndani ni タ, halafu ケ ina mstari wa katikati unaotokeza nje kulia, andika ケニア. ドドマ (Dodoma) inaishia マ, ダルエスサラーム (Dar es Salaam) inaishia ム, ziangalie: マ kona yake iko juu kulia, ム kona yake iko chini kushoto. ア ni kama マ ila kile cha ndani kinashuka kirefu kwenda kushoto. ナ ya ナイロビ ina mstari uliolala, メ haina, yenyewe ni msalaba ulioinama. ス na ヌ, angalia kistari cha mwisho kama kinakatiza, kikikatiza ni ヌ, kikiishia kugusa ni ス, ya スワヒリ. チ mstari wa wima unapenya juu, テ unaanzia kwenye mlalo wa pili. コ imeishia ukutani, ユ mstari wa chini unapita. Nakutakia kila la heri.

Mwalimu shikamoo. Mwanangu wa miaka kumi anapenda katuni za Kijapani, kaniuliza kama kuna neno linaanza na ン nikashindwa kumjibu. (Mama, Arusha)

Marahaba mama, na mpongeze mtoto maana kauliza swali ambalo hata watoto wa Japani wanaliuliza. Wana mchezo unaitwa shiritori, mmoja anataja neno, mwenzake anataja jingine linaloanzia na silabi ya mwisho ya lile la kwanza, sakura, rajio, oiru, hivyohivyo mpaka mtu ataje neno linaloishia ン, huyo kashindwa, kwasababu hakuna neno la Kijapani la kawaida linaloanza na ン la kuendelezea. Hiyo pia ni msaada kwa wote waliouliza hapo juu, ukiona mwanzoni mwa neno kitu usichojua ni ソ au ン, chagua ソ, karibu mara zote utapatia.

Karibu, nimesema, kwasababu yale maneno machache yanayovunja sheria hiyo mengi ni majina ya nje, na moja liko kwenu. Sisi n na m kuanza neno kwetu ni kawaida, nchi, mtu, mbu, Wajapani sauti hiyo inawapa shida, Mbeya wanaiandika ムベヤ na Mtwara ムトワラ, wanatia mu ili ulimi upite. Lakini walipofika kwenye kreta yenu hawakuongeza kitu, wameandika ンゴロンゴロ, ン mwanzo kabisa na nyingine katikati. Mwambie siku akicheza shiritori na mtu akataja neno la kuishia ン, asikubali mchezo uishe, amjibu Ngorongoro, na mwenzake atafute la kuanzia na ro.